Kanchhi na Mchanga Mbichi

Mchanga uliolowa haumwagiki. Unaganda kiganjani kama wali wa jana, na ukiulazimisha unadondoka donge zima, pwaa, nje ya reli.

Miaka kumi na tisa nilikaa mbele kabisa ya garimoshi, juu ya bampa, mimi kulia, mwenzangu Phurba kushoto, tukiinyunyizia reli mchanga kwa mkono ili magurudumu yasiteleze mlimani. Injini yetu tulimwita Kanchhi, kitinda mimba, ilhali alikuwa mkongwe kutuzidi sote. Dereva wetu, mzee Harkajit, alimbembeleza kama mke. "Twende basi, mama, acha madeko." Naye alikohoa mvuke, tukapanda.

Siku ya Bishwakarma, sikukuu ya mungu wa mafundi, moto wake ulizimwa. Ndiyo desturi: vyombo vyote vya kazi hupumzika, na Kanchhi huvishwa mashada ya maua ya manjano. Kwa kuwa mchanga tuliukausha kwa joto la moto huohuo, wa kesho yake ilibidi ukaushwe mapema. Zamu ilikuwa yangu. Nikacheza karata. Asubuhi baada ya sikukuu nikajaza magunia mchanga mbichi, nikatandaza mkavu kidogo juu.

"Padam, mbona gunia zito?" Phurba aliuliza.

"Mkavu huo. Acha uzee."

"Uzee wangu, au uvivu wako?" Akacheka, akapanda.

Juu ya stesheni ya Sonada ukungu ulitufunika. Mchanga mkavu ulishaisha. Magurudumu yakazunguka palepale, yakipiga kelele. Phurba akaruka chini, akapiga magoti, akawa anausugua mchanga relini kwa viganja. Magurudumu yakakamata ghafla. Kanchhi akaruka mbele.

Nilisikia breki. Nilitazama mikono yangu, imejaa tope, nikawaza kwamba nahitaji maji ya kunawa. Hilo tu ndilo nililowaza. Hata kwenye msiba wa Phurba nilingoja kilio kije, wapi.

Wakubwa wa reli walipanda kutoka bondeni kuuliza maswali. Mchanga ulikuwaje? Mkavu, nikasema. Wakaandika kwamba vali ya mvuke ya Kanchhi imechoka, haidhibitiki. Akaondolewa kazini.

Mzee Harkajit alinifuata chooni, kofia mkononi.

"Mwanangu, niambie mimi tu. Mchanga ulikuwa mkavu?"

"Mkavu, mzee."

Alivaa kofia yake. "Basi tumemuua sisi, mimi na Kanchhi," akasema. Hakushika wenzo wa mvuke tena. Alikufa miaka miwili baadaye, na siku zote hizo hakupita karibu na stesheni.

Kanchhi hawakumkata vyuma. Wamempaka rangi ya samawati, wamemsimamisha nje ya stesheni, wageni wanapiga naye picha. Mimi ndiye nimeajiriwa kumpangusa.

Kila siku ya soko Dolkar, mjane wa Phurba, hupita na kikapu chake. Husimama mbele ya bampa, upande wa kushoto.

"Muuaji we," humwambia Kanchhi, kisha humtemea mate.

Mimi hungoja amalize, natoa kitambaa. Leo alirudi hatua mbili. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote.

"Nisamehe, kaka Padam," akasema. "Kila mara nakuongezea kazi."

"Hakuna neno, shemeji," nikajibu, nikafuta.