Njia ya Ugiriki Hupitia Struga

Ramani ilitandazwa mezani Jumapili baada ya chakula cha mchana, na Razija akajua kwamba asipofanya hila siku hiyo hiyo, safari itapangwa bila yeye, naye hatapata kisingizio kingine.

Mwanawe Nermin, mwalimu wa udereva pale mjini Travnik, alikuwa mtu wa kupanga. Alizikandamiza pembe za ramani kwa finjani mbili, chupa ya chumvi na kopo la achari ya pilipili hoho, akakunja mikono ya shati kama anayetaka kupasua kuni.

"Agosti tunakwenda Ugiriki, baharini," alisema. "Tunatoka hapa Bosnia, tunakata Serbia, tunateremka Makedonia, tumefika. Barabara kuu mwanzo mwisho. Mkanda unaufunga hapa, unaufungulia ufukweni."

Kidole chake kiliteremka kwenye ramani bila kusita. Kilipoingia Makedonia kilishika njia ya katikati, kikauacha mbali kule magharibi mji mdogo ulio kando ya ziwa. Razija alikitazama kidole kile jinsi mtu anavyolitazama basi lililomwacha kituoni.

Mji ule ni Struga, na Struga ndiko alikoolewa Muniba, mdogo wake wa pekee. Hawakuwa wamesemezana miaka mingi, na chanzo chake kilikuwa kahawa.

Travnik, nyumba yenye adabu humimina kahawa mara tatu. Ya kwanza ni ya kukukaribisha. Ya pili ni ya kupiga soga. Ya tatu ikiletwa, ujue mwenyeji anakuambia kwa heshima zote kwamba viatu vyako viko mlangoni. Sasa, Razija na marehemu mumewe Hilmo walikwenda kumtembelea Muniba, wakavuka milima kutwa nzima, wakapewa kahawa ya kwanza, wakapewa ya pili, na kabla hata miguu haijapoa, Muniba akatokea jikoni na dele la kahawa mkononi akamimina ya tatu. Razija aliiweka finjani chini bila kuigusa, akavaa viatu, akamwambia mumewe atangulie garini. Samaki wa ziwani alikuwa tayari tanurini. Hilmo alilalamika juu ya samaki yule mpaka mpakani, na baada ya mpaka akaendelea kulalamika.

Watu wa kwao wana neno, inat, ambalo ni zaidi ya ukaidi. Ni kuukata mguu wako mwenyewe ili jirani akose wa kucheza naye. Razija alikuwa nayo ya kutosha kugawia mtaa, na Muniba walinyonya ziwa moja. Hakuna aliyepiga simu. Hilmo alipofariki, Razija hakumwarifu mdogo wake, na hilo ndilo lililomkaa kooni tangu siku ile. Alikuwa amekosea na alijua. Alimkumbuka Muniba hadi ikauma, hasa asubuhi, anapokunywa kahawa peke yake. Na goti lake la kushoto lilikuwa likingoja kisu cha daktari majira ya baridi, kwa hiyo ilikuwa Agosti hii, au hajui lini tena.

Lakini kusema tu, "Mwanangu, nipeleke kwa Muniba"? Afadhali ameze kopo la achari pamoja na kifuniko chake. Ilibidi barabara yenyewe impeleke.

Akaanza na mkwewe, Belkisa, mke wa Nermin, aliyekuwa akikata pita ya viazi, ule mkate wa kuoka wenye viazi ndani, vipande vipande.

"Serbia Agosti," Razija alisema, kana kwamba anaiambia chumvi. "Masikini binti yake jirani yetu Kasim."

"Kafanyaje, Mama?"

"Si alikwama mpakani. Waliokuwa Ujerumani wote wanarudi kwao Uturuki wakati huo, magari yamepangana kama shanga. Jua kichwani, choo hakuna. Mtoto aliyekuwa amelala aliamka ameota ndevu."

Binti yake Kasim hakuwa amekwenda popote. Alikuwa akifuga kuku mji wa jirani, Vitez, tena hana mtoto. Lakini Belkisa aliguna kwa huruma na kuweka kisu chini.

"Nermin, umesikia ya choo?"

"Kuna njia nyingine gani sasa?" Nermin akauliza.

Razija alijinyanyua pole pole, akaichukua chupa ya chumvi, akaanza kuisogeza kwenye ramani kwa ncha ya kidole. "Mimi mzee, sijui kitu. Nasikia wengine wanateremkia huku. Montenegro, halafu Albania, halafu hapa, halafu pale, unatokea Ugiriki. Nasikia kunapendeza." Chupa ya chumvi ilisimama kando ya ziwa kama iliyochoka yenyewe.

"Huko ni milima mitupu, Mama. Kona juu ya kona."

"Ndiyo, mwanangu. Usiende." Razija akaketi na kuvuta kipande cha pita. "Ile si barabara ya kila mtu. Marehemu baba yako aliipita na lile gari lake ambalo mlango ulifungwa kwa kamba, lakini yule alikuwa dereva. Wewe unafundisha. Kufundisha ni jambo jingine."

Masikio ya Nermin yakawa mekundu.

"Nimefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari."

"Nusu hiyo yote iko tambarare, mwanangu. Kula, pita inapoa."

Nermin akala kwa hasira, macho hayabanduki kwenye ramani. Alipomaliza alichukua kalamu, akachora mstari mnene: Travnik, Podgorica, Shkodra, Elbasan, kisha ziwani. Razija alitazama dirishani asije akaonekana anatabasamu. Mwanaume wa Travnik ukimwambia hawezi, unakuwa umeshamtia ufunguo. Kinachobaki ni kukaa pembeni usigongwe.

"Lakini hapa," Nermin alisema, kalamu ikigonga karatasi, "hapa tutapita Struga."

"Struga?" Razija alilitamka jina hilo kama mtu anayesoma jina la dawa ngeni. "Kuna nini Struga?"

"Mama mdogo Muniba."

"Pitieni mtakapo. Mimi sishuki garini. Nitavuta pazia."

"Gari halina pazia, Mama."

"Nitashona."

Belkisa alishikwa na kikohozi cha ghafla, akakimbilia jikoni, na huko alikohoa muda mrefu akiwa amefungulia maji ya bomba. Razija alidhani ni mfupa, kisha akakumbuka kwamba pita ya viazi haina mifupa. Lakini moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha, hakulifuatilia jambo hilo.

Agosti ikafika. Waliondoka na mapambazuko, buti ya gari imejaa makopo ya achari, blanketi tatu za sufu za kupeleka ufukweni, pita na dele la kahawa, maana Razija hakuamini kwamba Wagiriki wana dele la maana. Joto lilikuwa la kuchemsha yai, lakini madirisha yalifungwa yote, kwa sababu ukifungua mawili upepo unapita katikati, na upepo wa kupita katikati ndio uliomuua shangazi yake Hilmo, aliyekuwa na miaka tisini na minne.

"Mama, tutaiva."

"Aliyeiva anapoa. Aliyepigwa na upepo haponi."

Kwenye kona za Montenegro Nermin aliendesha kama anayefanyiwa mtihani, na kwa kweli alikuwa akifanyiwa. Razija alishika mpini wa mlango, akafumba macho, akamsifu marehemu kila baada ya kona mbili. Walilala Shkodra. Kesho yake, walipoanza kuteremka kutoka milima ya Albania na ziwa likatokea chini, la buluu na pana, Razija aliacha kumsifu mtu yeyote.

Alikuwa na mpango. Mtaa wa Muniba aliujua, pale mto unapotoka ziwani. Wakiukaribia, goti lingemshika. Lingemshika vibaya, hata gari lisingeweza kwenda tena.

Waliingia mjini. Walivuka daraja. Razija akavuta pumzi, akashika goti.

"Aa, goti langu..."

"Injini inachemka," alisema Nermin wakati huo huo, akasimamisha gari.

Wakatazamana kwenye kioo. Injini ilikuwa imetulia kama paka aliyeshiba. Goti nalo halikuwa limefanya kitu.

"Bahati mbaya zimetupata pamoja," alisema Belkisa, akitazama nje.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Mle ndani alisimama mwanamke mnene, mfupi, aproni kiunoni, nywele zote nyeupe sasa. Muniba hakushtuka hata kidogo. Mlangoni nyuma yake zilipangwa jozi tatu za ndala za wageni, na harufu ya samaki wa kuoka ikawa inatoka jikoni. Razija aliziona ndala, akazihesabu, lakini kichwa kilikataa kujumlisha.

"Umekuja?" Muniba akauliza.

"Nimepita tu. Ni goti."

"Basi liingize ndani hilo goti. Lisije likafia barabarani kwangu, watu wakasema nimeliloga."

Waliketi barazani chini ya mzabibu. Kahawa ya kwanza ilimiminwa, nayo ikanywewa huku watu wakiangalia sukari. Ya pili ikaja, na Muniba akauliza habari za hali ya hewa ya Travnik, kisha za paa la nyumba yao ya zamani, kisha akaiweka finjani chini.

"Hata kaburi la Hilmo sijaliona," alisema. "Nilisikia kwa mwuza matikiti, dada. Mwuza matikiti kutoka Zenica ndiye aliyeniambia shemeji yangu amekufa."

Razija alikuwa amejiandalia majibu mengi kwa miaka yote ile, makali na ya kutosha kuzungushia nyumba ukuta. Aliyaacha yote.

"Nilikosa," alisema. "Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu, na aibu ilikuwa mbaya kuliko hasira. Nisamehe, Muniba."

Muniba alijipangusa macho kwa aproni. Kisha, kwa mkono uliozoea, alilichukua dele na kuinamia finjani ya dada yake iliyokuwa tupu.

Belkisa aliacha kutafuna. Nermin alishika funguo za gari. Muniba aliona nyuso zao, akatazama dele, na dele likaganda hewani.

"Yaani ni hii?" aliuliza pole pole. "Siku ile uliondoka kwa sababu ya hii?"

"Ilikuwa ya tatu."

"Razija, huku hatuhesabu. Nimeishi huku tangu msichana. Finjani ikikauka, unamimina. Siku ile nilifurahi kukuona mpaka nikasahau nyumbani tunahesabu." Alikaa kitako, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Na mimi nilidhani umeikimbia harufu ya samaki."

Razija alikuwa amepoteza miaka kwa finjani isiyojaa kiganja. Alimtazama mdogo wake, akazitazama zile ndala tatu mlangoni, kisha akamgeukia mwanawe, na hesabu iliyokataa mwanzo ikakubali sasa.

"Nermin. Injini ilianza kuchemka lini?"

"Kabla theluji haijayeyuka," alijibu Belkisa badala ya mumewe. "Ndipo nilipompigia simu mama mdogo."

"Na ile barabara ya Serbia?"

"Chambo, Mama. Tungekuambia twende Struga, ungekubali?"

"Ningekufa kwanza."

"Basi ilibidi utulete wewe mwenyewe," alisema Nermin. "Ila yale maneno ya tambarare yaliniuma kweli. Yale sikuyatarajia."

Razija Hadžić, aliyewafunga kamba watu wa mtaa mzima tangu ujana wake, alikuwa ameingia mkenge ndani ya nyumba yake, juu ya meza yake, kwa chupa yake ya chumvi. Alinyoosha mkono akamnyang'anya Muniba dele. Akaijaza finjani ya Nermin mpaka ukingoni. Akaijaza ya Belkisa. Yake na ya Muniba hakuzigusa.

"Kunyweni."

Nermin aliitazama finjani. "Mama, hii ni ya tatu."

"Kuhesabu najua. Ugiriki ni mbali na jua linazama. Mtanipitia mkirudi, na msirudi haraka."

Belkisa alikuwa wa kwanza kunyanyua finjani yake, bila kinyongo. "Chumba cha ufukweni tuliagiza cha watu wawili tu," alisema. "Tangu mwanzo."

Razija akaguna. Mkwe huyu alikuwa na akili kuliko alivyofikiri, na jambo hilo lilimtia hofu kidogo na fahari nyingi.

"Na samaki?" aliuliza Nermin, akinusa kuelekea jikoni.

"Naye ni wa watu wawili," alisema Muniba.

Razija aliwafungia kipande cha pita kilichobaki, maana hata kisasi kina mipaka, akawasindikiza mpaka getini bila goti kumsumbua. Gari lilipozunguka kona madirisha yake yote manne yalikuwa wazi. Alirudi barazani, akavua viatu, akachagua ndala zilizomtosha, na kumsogezea mdogo wake finjani yake tupu.