Siku Niliyomtolea Baba Mkwe Ulimi

Nilimtolea baba mkwe ulimi. Mchana kweupe, sebuleni kwake, mimi niliyeishi na mwanawe miaka tisa bila kumtazama mzee yule machoni. Hata sasa nikikumbuka, uso huniwaka moto.

Miezi miwili kabla alikuwa amesinzia wima, mkono kwenye msumeno wa umeme. Vidole vilinusurika, karakana yake ya useremala ikafungwa. Hospitali wakasema koo lake hulegea akilala, likaziba njia ya hewa. Wakampa mashine ya kumpulizia hewa usingizini, lakini barakoa yake aliivua, eti inamkaba. Ndipo daktari akatuwekea kwenye simu yangu mazoezi ya ulimi na koo: kamera inatazama, sauti inaelekeza. Mume wangu alishinda kazini, kwa hiyo msimamizi nikawa mimi.

Hofu yenyewe nilikuwa naijua. Mzee akijilaza kochini baada ya chakula, nilisimama mlangoni, mikono ina povu la vyombo. Alikoroma, kisha kimya. Mungu wangu, mpe pumzi moja tu. Ikaja, kama ya mtu aliyeibuka majini. Nikaanza kuiombea ya pili.

Lakini kila simu iliposema atoe ulimi, alifumba mdomo na kurekebisha kofia.

"Ulimi hauonekani," ilisema simu.

"Utauonaje, na mkwe wangu kakaa hapa?" aliiuliza.

Akanieleza kwamba wanawe aliwachapa kwa kosa hilohilo. Leo alifanye yeye, tena mbele yangu? Nikageukia ukuta. Akakohoa tu. Siku nne zikapotea hivyo.

Siku ya tano nikaketi mbele yake, nikamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, nikautoa ulimi wote mpaka kidevuni.

Alinikodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katika kucheka huko ulimi wake ukachungulia nje.

"Vizuri," simu ikasema. "Shikilia hapo hapo."

Tukashikilia, mimi na yeye, kila siku kwa miezi mitatu.

Walipompima tena, mara za kukatika pumzi zilikuwa zimeshuka kutoka thelathini na moja kwa saa hadi tisa. Daktari akamruhusu kurudi karakana, kisha akauliza kama huyu ndiye mkwewe aliyemsimamia.

"Mkwe hatolewi ulimi," alijibu. "Huyu ni mwanangu."

Niliinama, nikajifanya natafuta kadi ya kliniki mkobani. Kadi alikuwa nayo daktari.