Mtani Kwenye Kizuizi

Nilikuwa askari wa kizuizi, na kazi ya kizuizi ni kazi ya kuchukiwa. Unasimama juani kando ya gogo lililolazwa barabarani, unapekua tenga la kuku la mama wa watu, unachoma chuma ndani ya gunia la ufuta la mzee aliyelivuna kwa jasho lake, halafu unamwambia apite. Anapita kweli, lakini kesho hakusalimii. Mwaka ule wa hamsini Nachingwea ilijaa vibarua wa mashamba ya karanga, na penye vibarua wengi wenye mshahara bangi haikosi njia. Mimi sikuwa na ugomvi na mtu anayevuta kwake. Ila mwezi uliotangulia dereva mmoja wa trekta alipanda mtambo akiwa amevuta, akapita juu ya hema la wenzake, na mimi ndiye niliyeitwa kuinua turubai. Tangu siku hiyo sikutaka mchezo na bangi.

Asubuhi hiyo Sajenti Bashiri alikuja na habari kutoka Ruangwa. Mzigo mkubwa ungepita kwetu kabla ya jua kuzama. Nani anaupeleka, na kwa njia gani, hakuna aliyejua.

"Ukitupita leo, Halfani, mimi na wewe tutarudi makwetu kulima," alisema.

Tukapekua malori, baiskeli, mizigo ya kichwani, hata ndoo ya maziwa. Mpaka alasiri hatukuwa na kitu.

Ndipo jeneza likatokea kwenye kona. Lilifunikwa shuka la kijani, wachukuzi wakienda mbiombio kama ilivyo ada, na mbele kabisa, mti wa jeneza ukiwa begani, alikuwa Jumaa, kaka wa mke wangu.

Niseme kidogo habari za Jumaa. Mimi ni Mngoni wa Songea. Nilipomtaka Zena, wazee wa Chinongwe walisema binti yao haolewi na Mngoni wala na askari, na mimi nilikuwa vyote viwili. Jumaa ndiye aliyesimama akanitetea. Isitoshe alikuwa na mdomo usiolala. Wamwera na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana, sisi wajukuu tumebaki na ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Na msiba wa Mmwera bila mtani kuuvuruga haujakamilika. Mtani analala njiani, anadai marehemu ni mtumwa wake, anataka alipwe. Wafiwa wanamtukana, wanampaka majivu, wanabishana naye mpaka waliokuwa wakilia wanacheka. Katika matusi hayo Jumaa hakuwa na mpinzani wilaya nzima.

"Marehemu ni nani?" niliuliza.

"Kibarua. Kafia Chinongwe. Tunamrudisha kwao Chiola." Alijibu akitazama chini.

Bashiri alikwishaanza kusogeza gogo. Amri ya Bwana Inspekta ilikuwa wazi: misiba isiguswe. Mahali fulani konstebo mmoja alifunua jeneza akakuta bibi kizee wa watu kweli, na kituo kikapigwa mawe mpaka paa likatoboka. Konstebo huyo alifukuzwa siku ile ile.

Wakati huo mpita njia mmoja alishuka kwenye baiskeli, akaja kutia bega apate thawabu zake. Mchukuzi wa nyuma akamsukuma kwa kiwiko.

"Tumetosha," alisema.

Tangu nizaliwe sijaona jeneza la Waislamu ambalo wachukuzi wake wametosha. Watu hunyang'anyana bega. Lakini huenda walikuwa wamechoka tu, na mtu aliyechoka na msiba husema lolote. Nikifunua nikakuta maiti, nimepoteza kazi, na Chinongwe hakuna nyumba itakayonipa hata maji ya kunywa. Zena, mwenye mimba kubwa, wangekuja kumchukua. Nikifunua nisikute maiti, wa kwanza kufungwa ni Jumaa. Nikajikuta naomba kimoyomoyo iwe maiti. Naam, mimi askari nilimwomba Mungu pale pale barabarani awe amekufa mtu.

Nikavua kofia. Nikavua mkanda. Vyote nikampa Bashiri.

"Unafanya nini wewe?" aliuliza.

"Askari haruhusiwi kuwasimamisha. Mtani anaruhusiwa."

Nikalala chali katikati ya barabara, vumbi likaniingia shingoni.

"Mnampeleka wapi mtumwa wangu?" nilipaza sauti. "Babu yangu alimteka huyu, na shamba langu hajamaliza kulilima. Hapiti mtu hapa mpaka nilipwe."

Wakasimama. Nikangoja. Nilimjua Jumaa: angeniambia babu yangu mwenyewe alizimia alipomwona Mmwera mwenye jembe, angeniambia niondoke kabla hajanikanyaga kama hao panya ambao Wamwera husema Wangoni tunawala. Nilikuwa na hamu ya tusi kuliko mwenye kiu anavyotaka maji. Badala yake kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Akashikilia jeneza kwa mkono mmoja, akavua saa kwa meno, saa mpya aliyoringia kijiji kizima, akaniangushia kifuani.

"Chukua, shemeji," alisema. "Tuache tupite."

Hapo nikajua. Mfiwa wa kweli angenipa gunzi la hindi, tena baada ya kunitukana ukoo wangu wote.

"Saa ya nini?" nilimwambia. "Nitukane, Jumaa. Nitukane kidogo tu, upite."

Alifungua mdomo. Naapa alijaribu. Midomo ilicheza, macho yakamjaa maji, na maneno hayakutoka. Yule mchukuzi wa nyuma hakuvumilia kungoja zaidi. Aliachia mti wake akakimbilia porini. Jeneza likaenda upande, likaanguka karibu na miguu yangu, sanda ikachanika. Harufu ilitufikia kabla hatujaona kitu. Ndani mlikuwa na bangi tupu, imeshindiliwa na kufungwa kwa kamba za magome, imepewa umbo la mtu mpaka mabega.

Wengine walitawanyika na Bashiri akaniangushia kofia na mkanda, akawafuata akipuliza filimbi. Jumaa hakukimbia. Alisimama, akanyoosha mikono. Nilifunga kwanza mkanda wangu, nikavaa na kofia, maana sikutaka mtani ndiye amtie pingu.

Jioni nilimkuta Zena anachagua mchele. Nilimweleza yote, hata lile la kumwomba Jumaa anitukane. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya kazi yako," alisema, akaendelea kutoa mawe kwenye ungo.

Jumaa akafungwa Lindi. Mimi nikasifiwa mbele ya gwaride. Zena akajifungua mtoto wa kike; alinipikia, akanifulia, hakuninyima kitu. Ila zamani kila nikirudi kazini aliniuliza kama nataka panya wa kuchoma au wa mchuzi, na sasa aliniuliza kama nataka ugali. Nilisubiri miezi mizima aniulize habari za panya.

Baada ya mvua akafa Mzee Mikidadi wa Chinongwe, babu yao Zena na Jumaa. Hakuna aliyenitania kama mzee yule. Aliniita mtumwa mtoro tangu siku ya posa. Zena alitangulia na mtoto. Mimi niliomba ruhusa, nikaenda na kanzu, na njia nzima nilikuwa nikipanga matusi. Pale kizuizini niliogopa, lakini siku hii niliogopa zaidi.

Jeneza lilipoanza kutolewa nyumbani nikalala mlangoni.

"Mnampeleka wapi mtumwa wangu?" nilisema. "Alinitoroka akiwa hai, na leo mnataka kumtorosha maiti?"

Shangazi yao mmoja alikuwa ameshika sahani ya majivu. Niliiona, nikafumba macho kungoja. Nilipofumbua alikuwa ameiweka chini kando ya ukuta. Wachukuzi walisimama wakinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama bwana wa serikali.

Zena akaja, mtoto mgongoni. Alishika kuku mnono aliyefungwa miguu. Aliinama, akamlaza kifuani kwangu taratibu ili asinichafue kanzu.

"Chukua," alisema. "Tuache tupite."

Nikainuka na kuku wangu, sina hata chembe ya majivu mwilini, nikasogea pembeni wakapita.