Injini ya Karani na Kidole cha Sajenti

Injini yenyewe ilienea kiganjani mwangu, nzito kama kufuli. Karani mmoja wa Kihindi wa bandari ya Port Bell alimwachia mume wangu Abdu injini hiyo mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipoambiwa waondoke Uganda. "Nitunzie, Abdu. Ilikuwa ikirusha ndege yangu ya kuchezea, ya mbao." Basi tukaitunza, ndani ya soksi ya sufu, chini ya nguo zangu za Idi.

Miaka miwili baadaye ukaja upekuzi wa wanajeshi mtaani kwetu Luzira, nyumba kwa nyumba. Kwetu aliingia jirani, Sajenti Ojara. Mimi na mkewe Acan tulikuwa tunasukana nywele kila Jumamosi. Akaikung'uta ile soksi, akaruka nyuma.

"Mama Rukiah, hii ni bomu?"

"Injini ya ndege, Afande," Abdu akamjibu.

"Ndege gani? Ya kubeba inzi?"

Alitania lakini jasho lilimtoka. Kitu kisichojulikana lazima akiandike, alisema, na mwenye nyumba ataitwa kukieleza. Siku zile tuliwajua walioitwa kueleza. Hawakurudi.

"Iwashe niione. Saa kumi nakuja. Isipowaka, Abdu, naandika. Nisipoandika, nitaitwa mimi."

Abdu alikuwa fundi wa meli za kuvusha mabehewa ya treni ziwani. Akaigeuzageuza. Haikuwa na plagi ya kutoa cheche, ila juu ya silinda palikuwa na skrubu yenye mpini. "Hii ni dizeli," akasema. "Skrubu hii inabana hewa ndani mpaka mafuta yanashika moto yenyewe. Inataka mafuta ya taa, mafuta ya nyonyo, na etha." Etha waliitumia karakanani kuamshia injini za meli, akaenda kuomba kichupa. Kurudi, propela yake, lile pangaboi la mbele, haizunguki hata kidogo.

"Imekufa kwa kutu," akasema, akachukua koleo.

"Weka koleo chini, Baba Rukiah."

Niliinusa. Kutu haikuwepo. Ilikuwa nyonyo, ile ile mama aliyokuwa akininywesha huku amenibana pua. Nyonyo ikikaa sana inaganda kama gundi. Kopo langu mwenyewe lilikuwa halifunguki mpaka nilipashe moto. Nikapunguza makaa kwenye sigiri, nikaiweka injini kikaangoni, nikawa naigeuza polepole kama mtu anayekaanga kahawa. Gundi ya kahawia ikaanza kuchuruzika. Abdu akaishika kwa kitambaa, akasukuma propela. Ikazunguka.

Saa kumi Ojara akafika. Injini tumeshaitia mafuta na kuifunga kwenye ubao kwa skrubu. Abdu akaipiga propela kwa kidole, mara kumi, mara ishirini. Kimya. Ojara akatoa penseli. Abdu akakaza ile skrubu ya juu kidogo tu, akapiga tena.

Wallahi, ililia kama mzinga mzima wa nyuki! Kuku wakakimbilia kwa jirani. Moshi wake ulikuwa mtamu, mpaka leo naukumbuka. Na uso wa Ojara ukafunguka, sikuwa nimemwona akicheka tangu mwaka ule uanze.

"Kumbe inatoa upepo!" akasema, akanyoosha kidole.

Propela ikamchapa.

Nilimfunga kidole kwa kipande cha leso. Abdu akazima injini, akauliza kwa adabu, "Sasa Afande, unaandika nini?"

Ojara akatazama daftari, akatazama kidole. "Nikiandika injini, wataniuliza na hiki." Penseli ikarudi mfukoni. "Acan akiuliza, mlango umenibana. Mmesikia?"

Acan alikuja jioni ile ile, mikono kiunoni.

"Mama Rukiah, mlango wako gani una meno?"