Wageni Waendao Nyumbani

Mwaka 1996 Gesti ya Kisima, mjini Same, ilikuwa na vyumba kumi na viwili, na siku nyingi viwili au vitatu tu ndivyo vilivyopata mtu. Sababu haikuwa siri. Zamani abiria wa Moshi na Arusha walilala njiani kwa kuwa barabara ilikuwa mbovu na mabasi machache. Sasa barabara ilikuwa imetengenezwa, mabasi ya watu binafsi yameongezeka, na abiria wale wale walipita Same bila kushuka hata kununua karanga.

Mwenye gesti, Bi Mwanamkasi, mjane wa mfanyabiashara wa nguo, alikuwa amepata mnunuzi. Mtu huyo alitaka kuifanya nyumba ghala la saruji, na alitaka jibu Jumatatu. Bi Mwanamkasi hakupenda kuuza, lakini hakuwa na hoja zaidi ya kutopenda.

Hoja hiyo alikuwa ameahidiwa na Dorkas, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mpare mzaliwa wa Bombo, huko juu kwenye milima ya Upare. Dorkas alikuwa mwendeshaji wa kompyuta katika shirika moja la mazao mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Vifaa vya ofisi vilipopigwa mnada, alinunua kompyuta moja na printa yake. Aliomba apewe chumba namba tatu kwa wiki sita bila malipo. Naye angeingiza ndani ya kompyuta vitabu vyote vya wageni tangu 1988, kisha aseme kwa hesabu kama gesti ina maisha au haina.

Alifanya kazi saa ambazo mgao uliwaachia umeme. Kila mgeni alikuwa na mstari wake: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, tarehe. Vitabu vilikuwa safi kwa sababu vilitunzwa na Mzee Sebastiani, mpokea wageni, mtu wa Kigoma aliyekuja ujanani kukata mkonge, akapanda hadi ukarani wa shamba, mpaka shamba lilipobadili mikono naye akabaki Same.

Jumatano ya wiki ya sita Dorkas aliweka karatasi mbili mbele ya Bi Mwanamkasi.

"Waendao Arusha walikuwa mia tatu na kumi mwaka 1989. Mwaka jana, ishirini na wawili. Wa Moshi ni hivyo hivyo. Wanaobaki ni wachuuzi na madereva. Bi Mwanamkasi, ningependa kukuambia jingine, lakini takwimu zinasema uza."

Bi Mwanamkasi aliisukuma karatasi kando. "Wiki sita umekula chumba changu, uniambie alichoniambia mwenye saruji siku moja?"

"Yeye alikisia. Mimi nimehesabu."

Mzee Sebastiani alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi. Aliomba karatasi, akaifuata kwa kidole mpaka chini.

"Wageni wote wa mwaka jana ni mia nne na tisa?"

"Ndiyo, mzee."

"Si kweli. Mimi niliandikisha elfu moja na arobaini. Binti, umewapeleka wapi watu wangu mia sita?"

Dorkas alieleza kwa utulivu. Mistari mingine ilikuwa na kasoro. Mahali pa kuandika aendako, wageni hao hawakuandika mji wala kijiji. Waliandika "nyumbani". Kwa kuwa hakuna mahali paitwapo hivyo, aliwatenga kabla ya kujumlisha, kama alivyofundishwa kazini.

"Na mzee hukuwauliza nyumbani ni wapi?" alisema Bi Mwanamkasi.

"Sheria inataka mgeni aandike kwa mkono wake. Mtu akiandika nyumbani, mimi wa Kigoma nimbishie kwao?"

Dorkas alikumbuka Krismasi ya 1993, alipofika Same jioni akalala gesti nyingine karibu na stendi. Kitabu kilipoletwa, alijaza bila kufikiri: atokako Moshi, aendako nyumbani. Kila Mpare aliyefanya kazi mbali na milima angeandika vivyo hivyo. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kubwa.

Alirudi chumbani. Umeme uliporudi aliirejesha ile mistari, akaipanga kwa kabila, atokako na tarehe. Jibu lilimchukua saa moja. Watu mia sita na thelathini na mmoja, karibu wote Wapare kutoka Dar es Salaam na Tanga, walikuwa wakipanda milimani. Na tangu 1989 idadi yao haikupungua. Iliongezeka kidogo kila mwaka.

"Basi la Dar linafika saa kumi jioni," alimweleza Bi Mwanamkasi. "Gari la mwisho la mlimani huwa limeondoka saa saba. Lazima walale Same."

"Basi mbona vyumba vitupu? Mia sita kwa mwaka ni wawili kwa siku."

Swali lilikuwa la haki, na kitabu hakikuweza kulijibu, maana kitabu kinamjua aliyelala tu. Kwa hiyo Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu, Dorkas na Mzee Sebastiani walikwenda stendi na kuhesabu. Watu ishirini na saba walikuwa wameketi juu ya mizigo yao, wametandika kanga. Dorkas aliwauliza mmoja mmoja kwa Chasu, lugha ya Wapare. Wengi walikuwa na pesa ya kitanda. Walichoogopa ni kuachwa na gari la saa kumi na moja alfajiri.

"Mpare na kesi zake," alitania Bi Mwanamkasi alipoambiwa. "Alale bure stendi, asubuhi amshitaki mbu mahakamani!"

"Na atashinda kesi," alisema Dorkas.

Aliyebaki kukubali, ili gari liwafuate abiria gestini alfajiri, ni Abubakari, mwenye gari la Bombo. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Nije mpaka kwenu nikute watu wawili? Mafuta yanapanda kila wiki, dada yangu."

"Saa moja jioni utapata orodha. Majina, mizigo, na anaposhuka kila mmoja. Wakiwa chini ya wanane, usije."

"Orodha ya mkono naijua. Kila mtu anaandika na shemeji yake asiyekuwapo."

"Hii inatoka kwenye kitabu cha wageni. Asiyelala hayumo."

Abubakari alicheka. "Leteni ya Jumapili, nitajaribu."

Jumamosi Dorkas hakugusa kompyuta, alikuwa Msabato. Jumapili jioni Mzee Sebastiani alisimama stendi, akiwa amevaa koti, akawatangazia abiria wa basi la Dar kwamba gari la Bombo litawachukua mlangoni mwa Gesti ya Kisima, kwa majina. Printa ilitoa majina kumi na manne. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri Abubakari aliyasoma kwa sauti, hakukosekana mtu, akapanda mlima.

Mnunuzi alifika saa tatu na futi yake ya kupimia. Uani, shuka za vyumba tisa zilikuwa zimeanikwa, na upepo wa Same ulikuwa umeshaanza kuzikausha.

"Siku moja si takwimu," Dorkas alimnong'oneza Bi Mwanamkasi. "Tungoje miezi mitatu ndipo—"

"Wewe ngoja. Mimi najibu leo." Bi Mwanamkasi alimgeukia mnunuzi. "Karibu chai, baba. Nyumba siuzi. Ila ukipita tena na saruji yako, niletee mifuko miwili. Sakafu ya bafu la nyuma imepasuka, na sasa ina watu wa kuikanyaga."