Umeme Kichwani mwa Baba

Baba alikuwa amenishinda kwa mashairi mara kumi na tisa mbele za watu, na sikutaka ugonjwa uje kumwangusha kabla yangu. Yeye hakunifundisha hata kina kimoja. Nilijifunza mwenyewe, redioni na jikoni, nikigombana na sufuria. Kwa hiyo siku ile sikuweza kukaa kitini katika chumba cha Daktari Quiles, pale San Juan, mji mkuu wa kisiwa chetu. Nilisimama, nikaketi, nikaenda dirishani, nikarudi.

Kwetu kijijini Morovis watu wawili hushindana kutunga, wakisimama mbele ya wapiga magitaa. Mtu yeyote kati ya wasikilizaji hutupa mshororo mmoja, nao ndio lazima uwe wa mwisho katika ubeti wako. Wewe unatunga mishororo tisa ya kufikia pale, papo hapo, bila karatasi. Anayekariri ubeti wa zamani akijifanya ameutunga sasa hivi, hupigiwa miluzi mpaka ashuke jukwaani. Kwetu huo ni wizi.

Baba, Don Eleuterio, alikuwa akitetemeka mkono wa kulia kwa miaka tisa. Mwezi uliotangulia walimwingiza waya ubongoni akiwa macho, akawaimbia madaktari beti mbili huku fuvu liko wazi. Sasa betri ya waya huo ilikuwa chini ya ngozi ya kifua chake, na siku hiyo daktari alikuwa anatafuta kiasi cha umeme cha kumwachia. Alituonyesha kwenye kompyuta mawimbi ya ubongo. Alisema seli za mgonjwa kama yeye zimeng'ang'ania mdundo mmoja, zote kwa pamoja, na umeme unazitawanya. Ila alionya kwamba wengine mkono ukitulia, maneno nayo huchelewa. Ndiyo maana alimwomba baba atunge kila umeme ulipopandishwa.

Akapandisha. Mawimbi yakalala. Mkono wa baba ukatua juu ya goti, ukatulia kama wa mtu mwingine. Baba akaimba ubeti wa kimbunga na paa la kanisa, bila kukwama popote. Daktari akapiga makofi, akasema hapo hapo panatosha.

Ubeti ule nilikuwa nimeusikia nikiwa na miaka minane.

"Huo ni wa zamani," nikasema. "Daktari, anakudanganya."

Daktari akamgeukia baba. Baba akatazama dari.

"Mwanangu ana wivu," alisema polepole. "Tangu azaliwe."

Nilimweleza daktari kwamba ubeti wa kukariri haupimi kitu, hata kasuku angeuweza. Kama anataka kujua ukweli, mimi nitupe mshororo. Akakubali. Nikachagua wa kumuuma, maana nilikuwa na hasira: *mkono si wangu tena.*

Baba akafungua mdomo. Akatoa mshororo wa kwanza, akatafuta wa pili. Dakika nzima ikapita. Mkono umetulia tuli, midomo inapapasa hewa. Sijawahi kuona kitu cha aibu kama kile, na mimi ndiye niliyekileta. Hata hivyo nilimwambia daktari ashushe.

Akashusha kidogo, bado. Akashusha tena. Mawimbi yakaanza kuinuka, na vidole vya baba vikaanza kupiga goti. Akashusha mara ya tatu. Sasa mkono ulikuwa unaruka kama samaki kwenye ubao, na baba akanitazama kwa lile jicho la jukwaani ninalolichukia, akaimba mishororo tisa juu ya ule wangu bila kuvuta pumzi. Alimalizia hivi:

*Tangu tulipooana*
*mamako kauchukua;*
*hata leo, naugua,*
*mkono si wangu tena.*

Mara ya ishirini. Nilicheka kwa hasira, nikamwambia daktari aache hapo hapo, asiguse kitu, huyu ndiye baba yangu.

"Rudisha juu," baba akasema.

Daktari akanitazama.

"Usimwangalie huyo. Huyo anatafuta mtu wa kupigana naye." Kisha akanigeukia. "Miaka tisa mama yako ananilisha supu kwa kijiko kama kifaranga. Amezeeka kuliko mimi kwa kunilisha. Wewe ulikuwa wapi? Jikoni, unagombana na sufuria."

Nilimwambia kwamba watu wa Morovis watamcheka. Alisema wacheke, walishamcheka kwa ile supu. Nilimuuliza mimi nitaimba na nani. Akamwashiria daktari kwa kidevu.

Daktari akapandisha. Mawimbi yakalala, na mkono nao. Baba akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, taratibu, akivitazama kimoja kimoja.

Sikuvumilia. Nikamtupia mshororo mwingine, mwepesi kabisa, mtoto angeuweza: *nangoja kahawa yangu.*

"Subiri," akasema.

Akafunga kifungo cha pili. Akatoa mshororo wa kwanza, mzuri. Akafunga cha tatu. Wa pili ukaja, kina chake kinachechemea, akaurudisha, akautafuta upya. Nje muuguzi aliita jina la mgonjwa anayefuata, na daktari akatazama saa, akanyoosha mkono kumsaidia kuinuka.

Nikamwambia amwache. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya baba kungoja.