Birika la Mlangoni

"Hawa wametuiga!" Bi Fawzia aliigombeza televisheni. Ilikuwa ikionyesha nyumba za kale za Uhispania: uwanja katikati ya nyumba, michungwa, na chemchemi ikimwaga maji. Uwanja kama huo ulikuwa nyumbani kwa bibi yake Mombasa, na birika la maji lililojengwa mlangoni. Huingii mpaka unawe miguu. Ukishanawa, bibi anakukamata kichwa na kukubusu utosini.

Hapa Toongabbie, ughaibuni, hakuwa na uwanja wala birika. Aliweka ndoo na kata kwenye mlango wa nyuma, na mwanawe Suhaib, nesi wa hospitali ya Westmead, alimcheka miaka yote, lakini alinawa na akabusiwa. Tangu korona ijae hospitalini hakucheka tena. Alikuwa akilala kwenye gereji ya nyumba asije akamwambukiza mama.

Jioni hiyo Suhaib alirudi kutoka kazini, akateka maji, akanawa miguu taratibu. Bi Fawzia alimtazama kupitia kioo cha mlango, chemchemi ya kwenye televisheni bado ikisikika nyuma yake. Kisha Suhaib akajisahau: akasogea mlangoni, akainamisha kichwa.

Mkono wa Bi Fawzia ulikuwa tayari kwenye kitasa. Akauondoa.

"Nenda kalale huko, usinichoshe!" alifoka, akageuka upesi asije akaonekana analia.